Maji Maangavu na Rangi Iliyojificha

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu)

Nakusalimu wewe uliye nyumbani, wewe uliye sokoni, nanyi akina mama na vijana mliopanga madumu kwenye foleni ya bomba mkisubiri maji yafunguliwe. Wengine wetu husema dumu, wengine jerikeni, wengine bidoni. Chombo ni kilekile, na mzigo wake kichwani ni uleule.

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu tusichokiona. Chukua vikombe viwili vya maji safi. Katika kimoja tia kijiko cha chumvi, ukoroge mpaka iyeyuke yote. Sasa mwite jirani, umwulize: chumvi iko wapi? Atatazama, atageuza kikombe kwenye mwanga, na hataweza kukuambia. Kitu kikishayeyuka katika maji, jicho halikioni tena. Chumvi tunaweza kuionja. Lakini kuna vitu vingine katika maji ambavyo hatutakiwi kuvionja ili kuvijua, na vingine havina ladha wala harufu.

Ndiyo maana wazee walioteka maji katika kijito maangavu na kuyaita safi hawakuwa wajinga. Waliamini macho yao. Lakini maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakabeba kipindupindu. Maji yanaweza kunukia dawa na yakawa salama kwa mtoto wako. Basi tutajuaje?

(Muziki mfupi)

Jibu ni kwamba binadamu wamejifunza kuvifanya vitu vilivyoyeyuka vionekane kwa rangi. Unatafuta dawa ambayo ikikutana na kile unachokitafuta hubadilika rangi. Kisha unaitazama rangi na kuilinganisha na nyingine zilizochapishwa kwenye kadi. Hiyo ni sayansi ya kupima kwa mwanga, na vifaa vyake vya kwanza ni jicho lako na mwanga wa mchana.

Mara nyingi dawa hiyo huwekwa kwenye karatasi. Kwa nini karatasi? Fikiria utambi wa koroboi. Mafuta yako chini, moto uko juu, na hakuna mtu anayeyasukuma mafuta. Utambi wenyewe huyafyonza, kwa sababu una nafasi ndogondogo kati ya nyuzi zake. Karatasi ni hivyohivyo. Kwa macho ni tambarare, lakini ndani imejaa vinjia na vitundu. Ukigusisha ncha yake kwenye maji, maji hupanda yenyewe. Na kwa kuwa vitundu ni vingi, karatasi ndogo kama kidole ina kuta nyingi ndani yake, na dawa imekaa kwenye kuta hizo ikiyangoja maji yapite. Karatasi moja inafanya kazi ya pampu, ya bakuli la kuchanganyia na ya ubao wa kuonyeshea jibu.

Vipimo vya namna hii si vigeni kwetu. Mwaka 1956 kilianza kuuzwa Marekani kijikaratasi cha kuchovya katika mkojo ili kujua kama una sukari. Kabla ya hapo ilibidi mkojo uchanganywe na dawa na kuchemshwa. Baada ya hapo ilitosha kuchovya, kungoja kidogo, na kutazama rangi. Dada zetu wajawazito wanaopimwa mkojo kliniki wanakijua vizuri kijikaratasi cha aina hiyo.

(Sauti ya maji yakimiminika kwenye dumu)

Sasa turudi bombani. Pengine umewahi kumwona mhudumu wa maji amesimama kituoni na kikopo kidogo cha plastiki kinachopitisha mwanga. Anakijaza maji ya bomba, anatia kidonge kidogo cheupe, anafunika, anatikisa, kisha anakiinua kwenye mwanga. Maji yanageuka rangi ya waridi. Wapo wanaodhani anatia dawa ya ajabu kwenye maji yetu. Hapana. Maji hayo ya kikopo atayamwaga. Anachofanya ni kuyauliza maji swali.

Kidonge hicho kina dawa iitwayo DPD. Njia hii ya kupima ilielezwa na mwanakemia Mwingereza aitwaye Palin mwaka 1957, na mpaka leo inatumika duniani kote. DPD ikikutana na klorini iliyobaki katika maji, hugeuka waridi. Klorini ikiwa kidogo, waridi ni hafifu kama ukucha wa mtoto mchanga. Ikiwa nyingi, waridi hukolea kama juisi ya tikiti. Pembeni ya kikopo kuna rangi zilizopangwa pamoja na namba, na mhudumu anasoma namba inayolingana. Vipo pia vijikaratasi vya kupima klorini: unachovya, unatoa, unangoja muda ulioandikwa, unalinganisha na kadi.

Kwa nini tunasema klorini iliyobaki? Dawa ya maji inapotiwa kwenye tangi, sehemu yake hutumika palepale kuua vijidudu na kupambana na uchafu. Sehemu inayobaki ndiyo mlinzi wa zamu. Inasafiri na maji kwenye bomba, inaingia kwenye dumu lako, inafika nyumbani. Mkono mchafu ukigusa maji au nzi akitua, mlinzi yupo. Akiwa amekwisha, mlango uko wazi.

Mlinzi huyu ni mdogo sana. Mwongozo unaotumiwa na mashirika ya misaada unataka maji ya bombani yawe na klorini iliyobaki isiyopungua miligramu 0.2 hadi 0.5 katika kila lita. Chukua dumu la lita 20 na uhesabu kwa miligramu 0.5: ni miligramu 10 tu, uzito usiofikia punje moja ya mchele. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachowalinda watu wote wa nyumba yako. Na jicho lisingeweza kamwe kukiona bila ile rangi ya waridi.

(Muziki mfupi)

Msikilizaji, najua kuna maneno yanayozunguka kwenye foleni. Wapo wanaosema dawa ya maji huwazuia wanawake wasizae. Wapo wanaosema imewekwa ili kutudhoofisha. Kwa sababu ya maneno hayo, mama mmoja anaacha maji ya bomba na kuteka kijitoni kwa sababu maji ya kule hayanuki. Wiki ile kipindupindu kikiwa kambini, uamuzi huo unaweza kuugharimu uhai wa mwanawe.

Tuzungumze kwa namba. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha klorini katika maji ya kunywa kuwa miligramu 5 kwa lita. Maji yenye miligramu 0.5 yana sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Harufu tunayoisikia haina maana kwamba maji ni sumu. Pua ya binadamu huinusa klorini hata ikiwa kidogo mno. Ukiona harufu inakusumbua, acha maji yakae kwa muda kwenye chombo safi chenye mfuniko, harufu itapungua. Na dawa hii ya maji haizuii uzazi.

Lakini sitaki uniamini mimi kwa sababu tu ninasema redioni. Uzuri wa kipimo cha rangi ni kwamba hakifichwi. Si siri ya maabara. Kila aliye kwenye foleni anaweza kuiona waridi ileile anayoiona mhudumu. Basi siku moja, kwa heshima, mwambie: "Ndugu yangu, tuonyeshe rangi ya leo." Ni haki yako kuuliza, na mhudumu mzuri atafurahi kukuonyesha. Kikopo kikiinuliwa mbele ya watu kumi, uvumi unakosa mahali pa kusimama.

Na je, maji yasipogeuka waridi kabisa? Maana yake mara nyingi ni kwamba mlinzi hayupo. Itaarifuni kamati ya maji siku hiyohiyo. Kabla ya kunywa, chemsheni maji mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja nzima, au tumieni dawa ya maji ya nyumbani mliyopewa kwa kipimo kilichoandikwa. Jambo moja la kukumbuka: klorini ikizidi mno, yenyewe huifuta rangi ya waridi. Rangi hutokea mara moja kisha hupotea, na mtu asiyejua hudhani maji hayana dawa. Mhudumu aliyefunzwa hulitambua hilo, na huyazimua maji kwa maji yasiyo na klorini kisha hupima tena. Kwa hiyo usitie dawa ya ziada kwa kubahatisha.

(Muziki mfupi)

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kazi inapohamia kutoka kwa mhudumu kuja kwako.

Kipimo cha bombani kinasema habari za bombani. Hakisemi habari za nyumbani kwako jioni. Klorini hupungua kila saa. Joto huipunguza, jua huipunguza, uchafu ulioganda ndani ya dumu huila kabla haijakulinda. Watafiti walifuatilia maji katika kambi tatu za wakimbizi nchini Sudan Kusini, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Waliyapima maji bombani, wakayafuata nyumbani, wakayapima tena baada ya saa kadhaa. Waligundua kwamba maji yaliyofikia kiwango bombani yanaweza kufika saa ya kunywa yakiwa hayana ulinzi wa kutosha. Kwa kambi zile walipendekeza klorini bombani iwe karibu miligramu 1 kwa lita, ili baada ya saa kumi hivi ibaki angalau 0.2. Ndiyo maana pengine kambini kwako harufu ya dawa imeongezwa kuliko zamani. Wanaiongeza kwa ajili ya ile safari ya kutoka bombani hadi kikombeni.

Wewe unaweza kumsaidia mlinzi aishi muda mrefu. Osha dumu kwa ndani: tia kokoto ndogo safi au mchanga safi, maji kidogo na sabuni, tikisa kwa nguvu, kisha suuza mara mbili tatu. Ule utelezi wa kijani ndani ya dumu ndio unaoila klorini. Weka dumu kivulini na ulifunike. Mimina maji, usichovye kikombe wala mkono. Kunywa maji uliyoteka leo. Ya jana yatumie kufulia au kumwagilia mboga. Na kama unahifadhi maji katika mtungi wa udongo kwa ajili ya ubaridi, kumbuka kwamba udongo nao una vitundu kama karatasi. Maji hupenya ukutani na kupoa, lakini klorini humalizika upesi zaidi kuliko katika chombo cha plastiki. Ukiupenda mtungi, tia maji ya kunywa ya muda mfupi tu.

(Muziki mfupi)

Kuna kipimo kingine cha karatasi ambacho karibu kila nyumba hapa imekutana nacho: kipimo cha haraka cha malaria, ambacho wahudumu hukiita MRDT. Mtoto ana homa, anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kibao cheupe cha plastiki, yanaongezwa matone ya dawa ya maji ya kipimo, kisha mnangoja. Ndani ya kibao kuna ukanda mweupe wenye vitundu vingi sana. Damu hutambaa ndani yake kama mafuta kwenye utambi. Njiani inakutana na chembe ndogo mno za dhahabu zilizoshikamana na kingamwili. Ndiyo, dhahabu, lakini ikiwa ndogo kiasi hicho haing'ai manjano, huonekana nyekundu. Kama damu ina protini inayotolewa na vimelea vya malaria, chembe hizo huishika, husafiri nayo, na kunaswa kwenye mstari wa kipimo. Zikikusanyika hapo, unaona mstari mwekundu.

Mstari wa pili, ule wenye herufi C, unasema tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, kipimo hicho hakifai, hata kama ule mwingine umetokea, na mtoto apimwe upya kwa kibao kingine. Mstari wa kipimo ukiwa hafifu bado ni jibu la ndiyo. Na jibu lisomwe ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Kibao kilichosahaulika mezani tangu asubuhi hakisomwi jioni. Tena, baadhi ya vipimo hivi vinaweza kuendelea kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa ile protini hukawia kuondoka kwenye damu. Kwa hiyo mwambie mhudumu kama mtoto alitibiwa malaria hivi karibuni. Neno lako moja litamsaidia kusoma mstari ule kwa usahihi.

(Muziki mfupi)

Tusije tukadhani karatasi inajua kila kitu. Kila karatasi inajibu swali moja tu. Kipimo cha klorini hakioni floraidi, ambayo ni nyingi katika maji ya sehemu kadhaa za Bonde la Ufa. Huko Arusha na maeneo ya jirani, watu wengi wana meno ya rangi ya kahawia kwa sababu ya maji waliyokunywa utotoni. Shirika la Afya Duniani linasema floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, bali maji yanapopungua kwa mvuke floraidi huzidi kukolea. Hiyo inahitaji kipimo chake na dawa yake.

Mfano mkubwa zaidi unatoka Bangladesh. Huko watu walichimbiwa visima vya pampu ili waepuke maji machafu ya mabwawa. Maji yalitoka maangavu, baridi na matamu. Baadaye ikagundulika kwamba visima vingi vilikuwa na aseniki, sumu iliyoyeyuka kutoka ardhini, isiyo na rangi, harufu wala ladha. Kipimo chao cha shambani kilikuwa cha karatasi. Maji hutiwa kwenye chupa pamoja na dawa, gesi hupanda na kugusa karatasi juu, na karatasi hugeuka manjano au kahawia kadiri sumu inavyozidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilipimwa karibu visima milioni 5. Pampu yenye sumu kupita kiwango cha nchi ilipakwa rangi nyekundu, na iliyo salama ikapakwa kijani. Hata asiyejua kusoma alijua pa kuteka.

Na sayansi haijasimama. Maabara kadhaa duniani zinatumia silikoni, kitu kilekile kinachotengenezwa sehemu za ndani za simu, baada ya kuitoboa vitundu vidogo kuliko vijidudu. Silikoni ya namna hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1956. Umewahi kuona tone la mafuta likitandaa juu ya dimbwi na kutoa rangi za upinde wa mvua? Rangi zile hazitokani na wino. Hutokana na mwanga unaogonga juu na chini ya utando mwembamba. Utando wa silikoni wenye vitundu hufanya vivyo hivyo, na kitu kilichomo katika maji kikiingia na kukaa kwenye vitundu, rangi ya mwanga unaorudi hubadilika kidogo, na mashine huyapima mabadiliko hayo. Kifaa hicho bado hakijafika bombani kwetu, lakini wazo lake ni lile la karatasi: vitundu vya kunasia na mwanga wa kusomea.

(Muziki unapanda kidogo, kisha unashuka)

Ndugu msikilizaji, kama kituoni kwenu mmepewa vijikaratasi vya kupimia, vitunzeni. Mkono uwe mkavu unapotoa kimoja, na kopo lifungwe mara moja, maana karatasi inayofyonza maji hufyonza pia unyevu wa hewani. Angalieni tarehe ya mwisho. Msiguse sehemu yenye dawa. Someni rangi kwenye mwanga wa mchana, kwa muda ulioandikwa, wala msisome kwa mwanga wa koroboi. Na mwenye macho yasiyotofautisha rangi vizuri amwombe mwenzake amsomee, si aibu.

Wiki hii nakuachia kazi moja. Nenda bombani, omba kuiona rangi ya waridi, uliza namba yake. Kisha rudi nyumbani, uchunguze ndani ya dumu lako kwa mwanga wa jua, uone kama lina utelezi. Ukipata la kueleza, mletee mhudumu wa afya wa mtaa wako, au ulilete kwenye kikundi chenu cha wasikilizaji, nasi tutalijadili.

Nakutakia maji salama leo na kesho. Kwaherini, tukutane wiki ijayo.

(Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho)